Mtamba Wangu na Pembetatu ya Pili

Naapa kwa mama yangu aliyelala kaburini Misungwi, na kwa meno machache niliyobakiwa nayo, kwamba humu ndani sikutia chumvi hata ya kuonja. Habari hizi mtazisikia pia kwa Machibya, aliyekuwa mwalimu mkuu na ambaye mpaka leo anaongea kama anamsubiri mtu amfutie ubao. Msimsikilize. Mtazisikia kwa Kashindye, ambaye akivaa manyoya kichwani anadhani na akili zimeongezeka. Huyo ndiyo kabisa. Mimi nilikuwepo, nilikuwa katikati, na mwenye hasara ni mimi. Mwenye hasara ndiye mwenye haki ya kusimulia.

Naitwa Nestory. Nakaa Buzuruga, Mwanza mjini, na kazi yangu mpaka nilipostaafu ilikuwa kusuka waya za mota kwenye majineri, viwanda vile vya kuchambua pamba. Sikufundishwa na mtu. Kitabu changu cha umeme nilikisoma ukurasa kwa ukurasa, kadiri muuza karanga alivyokuwa akizichana kufungia karanga zake, na ndiyo maana sura ya tatu siijui hadi leo: aliinunua mtu mwingine. Pamoja na hayo, mota niliyoisuka mimi ilikuwa inaendelea kuzunguka hata umeme ukikatika, kwa aibu ya kusimama mbele yangu. Wahandisi wenye vyeti walikuja kuitazama, wakakuna vichwa, wakaandika ripoti kwamba haiwezekani, na mota ikawapepea jasho wakiwa wanaandika.

Kiinua mgongo changu, kile kilichobaki watoto walipomaliza kuniletea shida zao, nilikinunulia mtamba mmoja mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. Nikamwita Pensheni. Buzuruga sina zizi. Majirani zangu wanafuga redio. Kwa hiyo Pensheni alikuwa analala kwa Mashimba, Misungwi, na alikuwa ameshapandwa. Uzee wangu wote nilikuwa nimeuweka ndani ya tumbo la ng'ombe yule: maziwa ya asubuhi, mtindi wa jioni, ndama wa kuuza nikiugua. Sina shamba, sina nyumba ya kupangisha. Nilikuwa na Pensheni. Mtu asije akasema baadaye kwamba nilichezea kitu kidogo.

Sasa huyo Mashimba. Mungu alimpa ng'ombe wengi, akasahau kumpa la kufanya nao, basi kila mwaka pamba ikishauzwa anaalika ngoma kwenye uwanja wake. Kwetu ngoma ni mashindano. Makundi mawili, Wagika na Wagalu, yanacheza wakati mmoja, na watazamaji wanahamia kwa aliye mkali. Anayebaki anachezea kuku na mbuzi ndiye aliyeshindwa. Kwenye uwanja wa Mashimba kuna na sheria ya ziada, aliyoiacha baba yake: makundi yanayopakana yasielekee upande mmoja. Yakielekea upande mmoja, ngoma ya mmoja inameza sauti ya mwenzake, aliyemezwa anasema amerogwa, na kinachofuata ni fimbo. Kwa hiyo Wagika walikuwa wanatazama Mwanza, na Wagalu wanaipa Mwanza mgongo. Makundi yakiwa mawili, hata kuku wanaweza kuyapanga.

Mwaka huu Mashimba akawashwa. Akaalika kundi la tatu, la Modesta, wanawake wakulima wa pamba wanaocheza wakirusha majembe hewani na kuyadaka. Hakujiuliza watasimama wapi. Kujiuliza si desturi ya nyumba ile.

Nilifika jioni ya kuamkia ngoma, nikaenda kwanza zizini kumsalimia Pensheni, kisha nikaingia kula. Mezani nilimkuta Odeta, mjukuu wa Mashimba, yuko chuo kikuu anasomea shahada ya tatu. Akanipa shikamoo, nikaitika, nikamuuliza anasoma kitu gani huko ambacho hakimnenepeshi. Ningejua ningemuuliza habari za hali ya hewa.

Akasema anaotesha fuwele, yaani vijiwe vidogo kama chembe za chumvi ya mawe. Ndani ya vijiwe hivyo, anasema, kila atomu ni sumaku ndogo. Kwenye sumaku hizi tunazozijua, za spika na dinamo, hizo sumaku ndogo zote zinatazama upande mmoja kama waumini kanisani. Lakini kwenye vijiwe vyake kila moja inataka kutazama kinyume cha jirani yake. Zikiwa zimepangwa kwa miraba kama ubao wa drafti hakuna taabu, hii inatazama juu, ya pili chini, inayofuata juu. Taabu inaanza zikipangwa kwa pembetatu. Wawili wakishapeana mgongo, wa tatu afanye nini? Akimpinga huyu, amefanana na yule.

Nikamwambia kwamba mimi nimekaa nyumba moja na mke wangu na mama mkwe wangu, na jambo hilo nililijua bila fuwele.

Akacheka, mtoto wa watu, akachukua vipande vitatu vya michembe kutoka kwenye sahani, viazi vile vikavu, akavipanga mezani kwa pembetatu. Akasema vijiwe vikipoozwa sana, baridi kupita barafu, sumaku zinaacha kuhangaika na zinafikia mapatano: kila moja inageuka theluthi ya duara kutoka kwa mwenzake. Akavigeuza vile vipande, kimoja kikaelekea mlangoni, kimoja kwenye kabati, kimoja kwa babu yake aliyekuwa anasinzia. Hakuna aliyepata kinyume kamili, lakini kila mmoja amekosana na wenzake wote kwa kipimo kilekile, na anatulia.

"Na zikishatulia zinapika ugali?" nikamuuliza.

"Bado, babu."

"Basi zimetulia bure. Mimi mota yangu ikitulia wananifukuza kazi."

Akasema sasa hapo kuna jambo la ajabu zaidi, ukiongeza cha nne pembeni ili upate pembetatu ya pili, na akanyoosha mkono kuchukua mchembe mwingine. Jamani, mtu ana mipaka yake. Serikali inasomesha binti mpaka macho yanaingia ndani, aje kunifundisha viazi? Nikamkatiza, nikaanza kumsimulia siku niliyopanda feri ya Nansio na sumaku ya jineri kwenye mfuko wa koti. Dira ya nahodha ilikuwa inanifuata mimi. Nikienda kununua chai upande wa kushoto, feri inakata kushoto; nikienda msalani, feri inarudi nyuma. Abiria walikuja kunipigia magoti niketi, na tukaingia gatini Nansio kwa mimi kusogezwa kwa kiti, taratibu, kama mtu anayesukuma kabati. Odeta akasikiliza mpaka mwisho, akala mchembe wake wa nne, akaenda kulala.

Asubuhi uwanja ulijaa watu, na yaliyotokea hayakustahili kuitwa matatizo ya watu wazima. Makundi matatu yalisimama kwa pembetatu, maana uwanja wenyewe una pembe tatu: jineri la zamani liko upande mmoja, mawe makubwa upande mwingine, na upande wa tatu unatazama barabara ya kwenda Mwanza. Kashindye na Wagika wake wakatazama Mwanza. Machibya, ambaye ndiye kiongozi wa Wagalu tangu astaafu kuchapa watoto, akawageuza watu wake waipe Mwanza mgongo. Modesta akaja na wanawake wake, akatazama Mwanza. Kashindye akasema huyu mama anammeza. Modesta akageuza watu wake. Machibya akasema sasa anamezwa yeye. Machibya akageuza wa kwake, na Kashindye akapandwa na hasira upya. Kashindye akageuka, Modesta akalalamika.

Wakaendelea hivyo jua likapanda, watu wazima wenye njuga miguuni, wanageuka na kugeuka, na ngoma hata moja haijapigwa. Watoto walidhani ndiyo mchezo wenyewe, wakapiga makofi. Mashimba alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha uvivu akiwatazama kwa subira ya ng'ombe. Wazee wakaanza kusema kundi la Modesta lirudi nyumbani kwa kuwa ndilo lililokuja mwisho, na Modesta akajibu kwamba wao wamekuja na majembe na atakayewatoa aje ayadake.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Lilinijia lenyewe, kutoka kwenye miaka yangu yote ya kusuka mota, kama vile mtu anavyokumbuka alikoacha miwani. Nikasimama, nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

Niliwaambia kwamba wanafanana na waya uliosukwa na mlevi. Niliwaambia kwamba kinyume wanachokitafuta hakipo na hakitakuwepo, hata wakigeuka mpaka masika. Watu watatu hawawezi wote kupeana migongo. Kila mmoja ageuke theluthi: Wagika watazame Mwanza, Wagalu watazame jineri, wanawake watazame mawe. Hakuna atakayefanana na jirani yake, na hakuna atakayekosewa kuliko mwingine. Nikaongeza kwamba jambo hili nililigundua nikiwa fundi, kwenye mota ya waya tatu, kabla baadhi ya waliohudhuria hawajazaliwa. Nilimwona Odeta amesimama nyuma ya kiti cha babu yake, ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Nikadhani anakohoa.

Wakajaribu. Walibishana kidogo nani atazame jineri, kwa sababu upande huo kuna vumbi, kisha wakasimama. Na uwanja ukatulia. Nawaambia ulitulia kama maji ya ziwa alfajiri. Kashindye akatazama kulia, akatazama kushoto, akatafuta cha kulalamikia, akakikosa, uso ukamshuka. Machibya aliniita "Mzee Nesto" badala ya "fundi", kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. Mashimba akafumbua macho yote mawili.

Ningekaa chini hapo, leo ningekuwa nakunywa mtindi.

Lakini Kashindye si mtu wa kukubali jambo jema bila kulinusa. Akachukua fimbo yake akazunguka makundi yote matatu, mkono wa kulia, kama inavyokwenda mishale ya saa, ingawa saa yenyewe hajui kuisoma. Wagika Mwanza, Wagalu jineri, wanawake mawe: kila anapofika anakuta watu wamegeuka zaidi kuelekea kulia. Akarudi ameridhika. Akasema ni vizuri, kwa sababu yeye ana mwiko aliopewa na mganga wake: uwanja anaochezea ukizunguka kushoto, hiyo si ngoma, ni msiba. Akaniuliza mbele ya watu kama nina hakika hautapinda kushoto.

Mwenye akili angesema ndiyo, ukaisha. Mimi nilikuwa na kipaza sauti.

"Kashindye," nikamwambia, "leta makundi mengine hata kutoka Kongo. Nitayapanga yote, na kila pembetatu itazunguka kulia. Ikipinda kushoto hata moja, mchinjeni Pensheni mle."

Mashimba akainuka kwenye kiti. Hakuwa ameinuka tangu asubuhi. "Ngosha," akaniuliza, kama Wasukuma tunavyoitana wanaume, "Pensheni yule wa kwangu zizini?"

"Wa kwangu," nikamsahihisha. "Anayelala kwako."

"Watu wamesikia," akasema, akaketi. Na simu zilikuwa juu kila mahali, zinanirekodi. Zamani mtu aliweza kukana maneno yake kama muungwana.

Ngoma zikaanza. Sitawasimulia zilivyokuwa, kwa sababu nilikuwa nazunguka kupokea pongezi. Niliwaeleza watu kadhaa jinsi mota inavyofikiri. Niliwaeleza na habari ya feri. Nilikuwa nimefika penye abiria wanapiga magoti, nikaona vumbi barabarani, na ndani ya vumbi lori, na juu ya lori watu wenye ngoma wanaimba.

Lilikuwa kundi kutoka Nansio. Mashimba aliwaalika na kusahau, kama anavyosahau kila kitu kisicho na pembe. Feri iliwachelewesha. Kiongozi wao, Alexander, kijana mrefu mwenye adabu, akaniamkia, akasema ameambiwa mzee wa kupanga ni mimi, akaniuliza wasimame wapi.

Nafasi iliyobaki ilikuwa upande wa chini, mbele ya Wagalu na wanawake, mbali na Kashindye. Nikawapeleka hapo nikiwa napiga mluzi. Majirani zao ni wawili, Wagalu wanaotazama jineri na wanawake wanaotazama mawe. Kwa hiyo jineri hapana, mawe hapana. Nikawageuza watazame Mwanza. Hawakufanana na jirani yeyote. Walifanana na Wagika tu, ambao wako mbali na hawawamezi. Mtoto mdogo angeona kwamba ni sawa. Kiti changu kilikuwa kinaningoja, na mtu alikuwa ameniletea soda.

Kashindye akachukua fimbo yake.

Alianza kuizunguka pembetatu ile mpya, ya Wagalu na wanawake na watu wa Nansio. Mkono wa kulia, kama kawaida yake. Akapita kwa wanawake: mawe. Akapita kwa Wagalu: jineri. Akashuka kwa Alexander: Mwanza. Akasimama. Akarudi alipoanzia, akazunguka tena, safari hii pole pole, na kila alipofika aligeuza mwili wake kufuata wanakotazama. Mwili wake ulikuwa unageuka kushoto.

"Nesto," akaita. "Njoo utembee."

Nikatembea. Nilitembea kwa madaha mwanzoni. Kisha nikatembea kwa haraka. Ile ya juu ilikuwa inakwenda kulia, safi kabisa. Hii ya chini ilikuwa inakwenda kushoto kama jeneza.

Nikawaambia watu wa Nansio watazame jineri. Machibya akaja juu, anamezwa. Nikawaambia watazame mawe. Modesta akashika jembe. Nikaona basi niwabadilishe Wagalu na wanawake, hawa watazame mawe na hawa jineri, na Nansio wabaki Mwanza: ya chini ikaenda kulia vizuri sana, na ya juu, ile ya Kashindye mwenyewe, ikaenda kushoto. Nusura anipige. Nikawarudisha. Jasho lilikuwa linanitoka hadi kwenye soksi. Kila nilipoinyoosha moja, nyingine ilipinda, na kutoka kule zizini nilimsikia ng'ombe analia, na nilimjua kwa sauti.

Hapo nilitumia elimu. Niliwaambia kwamba jua limeshavuka katikati, na baada ya saa sita kulia na kushoto hubadilishana. Ndiyo maana watu husinzia. Machibya akaniuliza niliisoma wapi. Nikamwambia haikuwa kwenye mtaala wake. Nikawaambia tena kwamba fundi yeyote anajua mota inayozunguka kushoto ukiitazama kwa mbele, ukiizungukia kwa nyuma inazunguka kulia. Kwa hiyo pembetatu ya pili iko sahihi, isipokuwa wao wanaitazama kwa upande usio wake. Hilo likawachanganya. Niliwaona wanapinda shingo kujaribu kuutazama uwanja kwa chini. Nikajua nimepona.

Odeta akasema, kwa upole wa kuudhi, "Lakini babu, ukiitazama kwa nyuma, na ile ya kwanza nayo si itageuka? Itakuwa kushoto."

Mtu mzima nikaulizwa swali hilo mbele ya makundi manne. Nitakuwa mkweli: hasira ilinipanda, na hasira ikishanipanda mdomo wangu hauombi ruhusa.

"Wa kulaumiwa ni wewe," nikamwambia, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi. "Wewe ndiye uliyesema jana theluthi kwa theluthi, na viazi vyako. Mimi nimefuata ulichosema."

Uwanja mzima ukasikia. Hata mimi nikasikia, sauti yangu mwenyewe inarudi kutoka kwenye mawe.

Machibya alikuwa wa kwanza kuelewa, na sitamsamehe. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kumbe haikuwa mota," akasema. "Kumbe ulinakili."

Watu walicheka kwa namna ambayo sijawahi kuchekwa, na mimi nimechekwa sehemu nyingi. Walishikana mabega. Mwanamke mmoja aliangusha jembe. Odeta peke yake hakucheka. Yeye alicheka asubuhi, sasa nimeelewa kile kikohozi. Akaja akasimama kati ya Machibya na Modesta, akaeleza kwa sauti ya kawaida, bila kipaza sauti, na wote wakanyamaza kumsikiliza, jambo ambalo kwangu walihitaji spika mbili.

Akasema pembetatu mbili zinazopakana zinashirikiana ubavu. Wale wawili walio kwenye ubavu, ukiwa upande huu unawapita kwa mpangilio huu, ukiwa upande wa pili unawapita kinyume. Kwa hiyo ya kwanza ikizunguka kulia, ya jirani itazunguka kushoto, na ya jirani ya huyo kulia tena, uwanja mzima, hata wakija watu wa Kongo. Hakuna fundi wa kuzigeuza zote kulia. Kwenye vijiwe vyake ziko pembetatu zisizohesabika, na zote ziko hivyo, na hazijawahi kugombana.

"Ndicho nilichotaka kukuonyesha jana, babu," akaniambia. "Nilikuwa sijamaliza. Nilipofika cha nne ukaanza habari ya feri."

Nikamuuliza kwa nini asubuhi, niliposema kulia zote, hakunikanya. Akasema alinipungia mkono mara kadhaa, nami nikampungia.

Ni kweli. Nilidhani ananipongeza.

Lilibaki la Kashindye na mwiko wake. Modesta akalimaliza kabla hajafungua mdomo. Akamwambia pembetatu ya Kashindye inakwenda kulia kama mganga wake alivyotaka; hii ya kushoto si yake, ni yao na watu wa Nansio na Machibya. "Kushoto tuachie sisi," akasema. "Sisi tunalima kwa mikono yote miwili." Kashindye akafikiri, na kwake hilo ni zoezi la mwili mzima, kisha akarudi mahali pake. Alexander akapiga ngoma ya kwanza. Uwanja mzima ukaendelea na starehe zake kana kwamba kilichokuwa kimebaki hakimhusu mtu.

Kilibaki cha kwangu. Nilimfuata Mashimba kwenye kiti chake nikamweleza, kama wazee wawili, kwamba maneno ya uwanjani ni utani. Akasema ndiyo, ni utani, na utani hulipwa. Nikampa hoja kwamba hakuna aliyedhurika, pembetatu imepinda bila kumuumiza mtu. Akakubali. Nikampa hoja kwamba ng'ombe ana mimba. Akainuka nusu kwenye kiti, nikaona mwanga. Kisha akaniambia mtamba wangu hana mimba. Dume lake la mbegu lilikuwa na kidonda mguuni msimu wote, halikupanda kitu, na yeye alikuwa anatafuta siku nzuri ya kuniambia. Miezi yote nilikuwa nakunywa maziwa ya hewa.

Nikamwambia nitaleta mbuzi, kesho, mbuzi wawili. Hapo Mashimba alisema jambo ambalo sikulitegemea kwake.

"Kama ungesema asubuhi kwamba mtoto ndiye aliyekwambia," akasema, "ningekutetea. Nilikuwa sijalala mezani jana, Ngosha. Nilisikia yote. Nilikaa nangoja umtaje."

Nikamtukana kimoyomoyo, nikamtukana na ng'ombe wake wote isipokuwa mmoja.

Desturi ya pale ni kwamba aliyeshindwa humleta mnyama kwa mkono wake, asije akasema baadaye ameibiwa. Nikaenda zizini. Pensheni alikuja mwenyewe alipoona kofia yangu. Nikamfunga kamba, nikapita naye katikati ya uwanja, na makundi yote manne, yanayotazama pande tatu, yakageuka upande mmoja kututazama. Nikawaambia kwamba sasa wanamezana, na hakuna aliyejali.

Mchinjaji alikuwa Muhidin, kama ilivyo kawaida yetu, ili Waislamu na Wakristo wale nyama moja. Kisu chake kilikuwa kimeshanolewa. Nadhani alianza kukinoa niliposhika kipaza sauti. Yeye hakumuuliza mtu upande. Alimgeuza Pensheni akatazama kibla, ambayo kwa pale ni huko huko Mwanza na kuendelea mbele, akamlaza, akaniambia nishike miguu ya nyuma.

Nikamuuliza kama ana hakika ni huko.

"Shika miguu, mzee," akasema.

Nikashika.